Jumamosi Zangu za Kumwaga Maji Mbele ya Jiwe la Farao

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, na naomba usicheke, kwa sababu mgongo wangu haucheki. Kwa miaka miwili ya Jumamosi nimekuwa msaidizi wa ujenzi wa piramidi katika makumbusho madogo ya mtaani, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Rayners Lane, hapa London. Sasa mitihani ya mwisho imenilazimisha kuuacha ujenzi. Piramidi halijaisha. Farao ataelewa, yeye alikuwa na subira kuliko mama yangu.

Nawaandikia nyinyi wawili, Salma na Brian, mnaoanza Jumamosi ijayo. Naandika Kiswahili makusudi. Nyote mmezaliwa hapa, mnaelewa kila neno mnaloambiwa na mama zenu, halafu mnajibu kwa Kiingereza kana kwamba Kiswahili kinatozwa kodi. Mtaongoza ziara ya Kiswahili, basi anzeni mateso mapema. Mkikwama, mwulizeni mama. Atafurahi mpaka awapikie.

Mshahara sitauzungumzia kwa sababu haukuwepo. Vyeo navyo ni hadithi fupi: nilipewa kitambulisho kipya mara moja, baada ya kamba kukitafuna kile cha kwanza siku ya ugeni wa shule ya msingi. Hiyo ndiyo ngazi yote niliyopanda.

Nilifikaje pale? Shuleni walisema lazima kila mwanafunzi ajitolee mahali. Wenzangu walikimbilia kufundisha watoto mpira, kuuza nguo za mitumba, vitu vya kuongea na watu. Mimi, yaani, nikiwa kwenye basi sibonyezi kengele. Nangoja mwingine abonyeze, na kama hakuna anayeshuka Queensbury basi nami sishuki Queensbury, narudi kwa miguu. Nikawaza: makumbusho. Vitu vilivyokufa na watu wanaonong'ona. Hapo ndipo pangu.

Hakuna aliyeniambia kwamba makumbusho yale yana chumba cha Misri, na kwamba chumba cha Misri ndicho chenye kelele kuliko soko la samaki.

Mtakiona wenyewe. Katikati kuna piramidi la mbao, urefu wake unafika kiunoni. Kila mgeni akiingia atalitazama, atatazama nyuma yake labda kuna lingine, halafu atasema, "Hili tu?" Msiliweke moyoni. Pembeni kuna maiti iliyofungwa vitambaa ndani ya kabati la kioo. Ni ya karatasi na gundi, na ina uso wa mtu aliyeambiwa angoje simu. Na ukutani kote, kuanzia mlangoni mpaka dirishani, kuna sanduku refu la mchanga. Humo ndimo ilimo kazi. Juu ya mchanga kuna sleji, yaani gari la mbao lisilo na magurudumu, linaloburutwa kwa kamba. Na juu ya sleji kuna jiwe. Jiwe ni la kweli. Ndicho kitu pekee cha kweli mle chumbani, ukiondoa vumbi.

Siku ya kwanza meneja wetu, Bi Helen, alinipokea kwa tabasamu na kuniuliza kama napenda kuongea na umma. Nikatazama sakafu. Akauliza kama labda napenda kuongea na watoto. Nikaendelea na sakafu. Mwisho akasema kwa upole wa mtu anayeona ameletewa mzigo, "Basi, labda kuna kazi ya maji."

Ndiyo hivyo nilivyopata taaluma. Wamisri wa kale, msipojua, hawakuyaburuta mawe yao kwenye mchanga mkavu. Kuna picha yao ya kaburini inayoonyesha sanamu kubwa imewekwa juu ya sleji, safu za watu wanavuta, na mbele kabisa, miguuni pa sanamu, amesimama mtu mmoja anamwaga maji kwenye mchanga. Haongei na mtu. Hamtazami mtu. Anamwaga tu. Nilipoonyeshwa ile picha nilikaribia kulia. Miaka maelfu, na hatimaye naona jamaa yangu.

Aliyenionyesha ni Mzee Ratilal, na sasa lazima nimweleze huyu, maana bila yeye hakuna kazi ya kukumbuka. Mzee Ratilal alizaliwa Kisumu, akawa kontrakta wa majengo huko, akaja London akaendelea kuwa kontrakta, akitengenezea watu vyumba vya darini. Alikuwa anakuja kila Jumamosi na tai, shati lililopigwa pasi mpaka likakosa raha, na sauti ya kuita mafundi walio ghorofa ya nne. Yeye ndiye aliyeianzisha ziara ya Kiswahili, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, baada ya kugundua kwamba nusu ya Wahindi wa Queensbury, Wakenya wa makanisani na Wazanzibari wa msikitini wana lugha moja ya kubishania. Kiswahili chake ni kile cha Kisumu ya Wahindi, na hakuwahi kukiombea radhi.

"Wewe binti naona huu mchanga?" aliniambia siku hiyo. "Maji kidogo, hii jiwe nazama. Maji mingi, inakuwa matope, jiwe nalala. Iko katikati. Wewe tafuta katikati."

"Katikati ni wapi, Mzee?" nilinong'ona.

"Nini?"

"Katikati."

"Binti, mimi kwisha fanya kazi na mashine ya zege miaka mingi. Sema kwa nguvu ama andika kwa ukuta."

Katikati niliitafuta mwenyewe, na hiki ndicho kipande cha maana katika maandishi yote haya, mkisome mara mbili. Chukueni mchanga kiganjani, mkaze ngumi, mfungue. Ukimwagika, bado. Ukitoa maji kati ya vidole, mmeshaharibu, na mtasubiri nusu ya asubuhi ukauke huku watoto wakiwauliza kwa nini. Unatakiwa uwe kama machicha ya nazi iliyokwisha kukamuliwa: unashikana, una ubaridi, lakini hautoi kitu. Salma anajua machicha. Brian, mwulize Salma. Na tumieni lile kopo la kumwagilia maua, msitumie ndoo. Ndoo ni ya watu wenye hasira.

Halafu vaeni vizibao vya manjano vya kung'aa. Wamisri walijenga mapiramidi yote ya Giza bila vizibao vya manjano, lakini sisi hatuwezi kusogeza jiwe hatua tatu Rayners Lane bila kuonekana kutoka angani.

Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza ulipita hivyo: Mzee akiongea, mimi nikimwaga. Watu wakivuta jiwe kwenye mchanga mkavu, haliendi. Mimi namwaga. Wakivuta tena, linaenda. Wanashangilia, wanamshangilia Mzee. Sawa kabisa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mtoto aliyekula mchanga, akarudi kuomba zaidi. Kulikuwa na mama aliyekaa mbele ya maiti ya karatasi akiiombea dua kwa muda mrefu, na mimi nikiwa nimesimama karibu nikijua, nikashindwa kumwambia; nikasema moyoni kwamba dua haipotei, itamfikia mwenye kuihitaji. Na kulikuwa na bwana mmoja Mkenya, aliyepanda tramu na treni kadhaa kutoka Croydon kuja kutufahamisha kwamba mapiramidi yalijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine.

"Mzee, tuseme ukweli," alimwambia Mzee Ratilal. "Mawe zaidi ya milioni mbili. Binadamu wa kawaida hawezi."

"Wewe nafanya kazi gani?"

"Kompyuta."

"Basi kweli. Wewe hapana weza," Mzee akasema. "Lakini fundi naweza."

Na wale wa kusema ni watumwa. Hao wanakuja kila wiki, wamejiandaa, wana huzuni usoni. Mzee aliwajibu kwa mambo ambayo wachimbaji wameyakuta huko Giza kweli: mji wa wafanyakazi, matanuri ya mikate, mifupa ya ng'ombe walioliwa, mifupa ya watu iliyovunjika ikaungwa vizuri na mganga, na makaburi ya wajenzi karibu kabisa na piramidi lenyewe. Na juu ya mawe, mahali pasipoonekana, vikosi vya wavutaji viliandika majina yao, vikijisifu kuwa marafiki wa Farao Khufu, kama timu za mpira. "Mtu nataka kimbia kazi hapana andika jina yake kwa ukuta," Mzee alikuwa akisema. "Jina naandika yule nataka mjukuu ione." Kisha aliharibu kila kitu kwa kuongeza kwamba Farao bila shaka alichelewesha malipo, kwa sababu kila mteja aliyewahi kumjua alichelewesha malipo. Hilo halijathibitishwa. Msilirudie.

Mwaka wa pili ukaanza, na sauti ya Mzee Ratilal ikaanza kukwaruza. Alisema ni vumbi la mchanga. Tukambadilishia mchanga. Akasema ni baridi. Baada ya hapo hakusema kitu, kwa sababu alikuwa hospitali anafanyiwa upasuaji wa koo.

Aliporudi alikuwa na tai yake, shati lake, na kibao cheupe cha watoto, kile cha kuandika na kufuta. Daktari amemkataza kuongea, hata kunong'ona, na hakumwahidi kwamba sauti itarudi. Mke wake alifariki kitambo. Anaishi na mwanawe, ambaye hurudi nyumbani kulala tu. Nyumba kimya wiki nzima, halafu Jumamosi, ambayo ndiyo ilikuwa siku yake ya kupiga kelele, naye hana kelele.

Bi Helen alituita ofisini kwake, mimi na Mzee. Bi Helen si mtu mbaya. Ni mtu anayesema maneno mabaya kwa sauti ya kubembeleza paka. Alisema anamshukuru sana Bwana Ratilal kwa moyo wake wote wa kujitolea. Alisema ziara ya Kiswahili haiwezi kuongozwa na mtu asiye na sauti. Kwa hiyo, kama hakuna mwingine wa kuiongoza Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, itafungwa, na Bwana Ratilal apumzike nyumbani. Alisema "apumzike" kama vile ni zawadi imefungwa utepe.

Mzee akaandika kwenye kibao. Akakigeuza kwangu, si kwa Bi Helen.

WEWE SEMA.

Nikatikisa kichwa. Akafuta, akaandika tena.

WEWE SEMA.

Alikuwa ameandika yale yale, ila safari hii alikishika kibao kwa mikono miwili na hakukishusha. Nikasema ndiyo. Bi Helen akauliza, "Samahani, umesema nini?" Nikasema tena. Akasema atakuja kutazama mwenyewe, aone kama inawezekana. Vizuri. Nilichokuwa nakosa ni hadhira.

Wiki ile nilifanya mazoezi mbele ya mama, ambaye ni mlezi wa wazee katika nyumba ya wazee na amezoea watu wasioeleweka. "Zuhura," alisema, "unaongea na shingo yako. Inua uso." Nikainua. "Sasa unaongea na dari." Akaenda kulala.

Jumamosi ikafika. Wageni walikuwa kundi la wazee wa klabu ya Kiswahili, walioletwa na basi dogo. Nawatajia watatu kwa sababu hao ndio waliokuwa wakubwa wa msafara, kwa uamuzi wao wenyewe. Bi Mwanaidi, wa Unguja, mwalimu mkuu mstaafu. Mama Njoki, wa Nyeri, muuguzi aliyesimamia wodi hapa London mpaka wodi yenyewe ikachoka. Na Bwana Hirji, Mhindi wa Tanga, aliyekuwa na duka Queensbury na bado anapanga kila kitu anachokiona kwa ukubwa. Mzee Ratilal alikaa kwenye benchi, kibao mapajani. Bi Helen alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

Nikaanza. Nilieleza kuhusu Mto Naili, kuhusu mawe ya chokaa ya Tura yaliyovushwa kwa mashua, kuhusu patasi za shaba. Nilieleza vizuri sana. Najua, kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyenisikia.

"Mwanangu," Bi Mwanaidi akasema, "unatuambia sisi au unaliambia jiwe?"

"Ongeza sauti, mami," Mama Njoki akasema. "Betri za masikio nimeziacha kwa nyumba."

Uso ukaniwaka. Nikaruka maelezo yote yaliyobaki nikawapa kamba, nikidhani kwamba wakiwa na kazi hawataniangalia. Mchanga nilikuwa nimeshauweka sawa, angalau hilo. Wakajipanga kwenye kamba. Ndipo nikajifunza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha Misri: ukiwapa kamba watu ambao wote wamestaafu wakiwa wakubwa wa kazi, huna mvutaji hata mmoja. Una wasimamizi kumi na ushei, na kila mmoja ameshika kamba kwa mkono mmoja ili wa pili ubaki wa kuelekeza.

"Kwanza, warefu mbele," Bwana Hirji akasema.

"Warefu nyuma! Mimi nimepanga mistari ya watoto maisha yangu yote."

"Hawa si watoto, Mwalimu. Mtu mrefu mbele anavuta juu."

"Anavuta juu ya nini? Jiwe liko chini."

"Jamani, tupige hesabu," Mama Njoki akasema. "Moja, mbili, tatu."

"Tunavuta kwenye tatu au baada ya tatu?"

"Kwenye tatu."

"Baada ya tatu. Ukivuta kwenye tatu, umeshavuta kabla hatujamaliza kusema tatu."

Wakahesabu. Wengine wakavuta kwenye mbili, wengine kwenye tatu, na Bwana Hirji akavuta muda mrefu baadaye, peke yake, kwa heshima. Jiwe halikutikisika.

"Sikizeni," Mama Njoki akasema. "Tufanye kama kwetu. Mimi nasema 'Harambee', nyinyi mnaitika 'Eeh', tunavuta."

"Hiyo ni ya kwenu Kenya, bibi," Bi Mwanaidi akamjibu. "Mimi sivuti kwa amri ya serikali ya kigeni."

"Kwani hapa tuko kwa serikali ya nani?"

"Bwana Hirji, wewe unasemaje?"

"Mimi simo. Nangoja matokeo."

Mtasema: Zuhura, si wewe ndiwe kiongozi? Toa amri! Asanteni kwa ushauri. Sasa hebu niambieni, mtoto aliyelelewa na mama wa Mombasa anamwambiaje mtu mwenye umri wa nyanya yake "Vuta"? Kwa Kiingereza ni neno moja na halina dhambi. Mzee Ratilal alilisema kila mwezi kwa sauti ya ghorofa ya nne, na yeye alikuwa na mvi za kulisemea. Mimi nilijaribu. Nilisema, "Wazee wangu, samahanini, naomba, kama hamtachoka, tushike kamba pamoja, halafu kwa hisani yenu, tuvute kidogo." Nilipofika mwisho wa sentensi mchanga ulikuwa umeanza kukauka.

Bi Helen alitazama saa yake. Mzee Ratilal akainua kibao: SEMA VUTA. Akakipigia mstari chini. Akapiga mwingine. Nilifungua mdomo na ikatoka hewa. Nikamwona anakishusha kibao taratibu, anakifunika kwa kiganja, anatazama ile maiti ya karatasi. Niliona kabisa kwamba anaaga.

Nikachukua kopo nikaloanisha mchanga upya, kwa sababu ndicho kitu ninachokijua. Wazee wakashika kamba tena, safari hii mikono yote miwili, wakiegemea nyuma na kubishana kwa mabega. Na wakati huohuo mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Bi Asha.

Bi Asha ni dada mkubwa wa Bi Mwanaidi, mkongwe kuliko wote, na alikuwa chooni tangu kundi lifike. Alikuja polepole na fremu yake ya kutembelea. Sikuwa nimemwamkia. Sasa, mama yangu amenilea hivi: mkubwa akiingia, unamwamkia, hata kama nyumba inaungua, moto utasubiri. Na nilijua Bi Asha hasikii, kwa sababu dada yake alikuwa amenitangazia mara tatu. Kwa hiyo, bila kufikiri, bila aibu hata chembe, kama ninavyofanya kila Idi kwa nyanya yangu kwenye simu, nikajaza kifua nikapaza sauti:

"SHIKAMOO, BI ASHA!"

Na wale wazee wote kwenye kamba wakaitika kwa pamoja:

"MARAHABA!"

Hawakukusudia. Mtu akishafika umri ule hawezi kuisikia shikamoo ikipita hewani akaiacha ianguke. Ataipokea tu, iwe yake isiwe yake. Walikuwa wamekaza kamba, wameegemea nyuma, na lile neno likawatoka na pumzi moja. Jiwe likaondoka. Liliteleza kwenye mchanga kama siagi kwenye kikaango, na Mama Njoki akamkalia Bwana Hirji miguuni.

Wote wakalitazama jiwe.

"Nani amevuta?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Ni wewe."

"Mimi? Mimi nimeitika tu."

Sikujua mkono wangu umeliweka kopo chini saa ngapi. Nikajaza kifua tena, nikawatazama usoni, wote, mmoja mmoja, na nikasema, "Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahabaaa!"

Jiwe likaenda.

"Shikamooni!"

"Marahabaaa!"

Jamani, niliipata amri ambayo mtoto anaweza kumpigia mkubwa kelele nayo kutwa nzima, na hakuna atakayemwambia hana adabu. Na baina ya shikamoo moja na nyingine, wakipumua, nikajikuta naeleza. Vikosi na majina yao. Mikate. Ile mifupa iliyoungwa. Mama Njoki akataka kujua iliungwa vipi na kama mgonjwa alipewa likizo. Bi Mwanaidi akasema kama majina yaliandikwa pasipoonekana basi ni wanafunzi wake wa madawati ya nyuma. Niliongea mpaka koo likakauka, na hakuna aliyeniambia niongeze sauti. Bwana Hirji aliniambia niipunguze kidogo. Nimeweka sentensi hiyo mahali pazuri moyoni.

Bi Helen aliacha chai. "Huo wimbo," akasema, "ni wa kale?"

Nikamwambia si wimbo, ni salamu.

"Salamu ya wajenzi?"

Nikamwambia ni salamu ya mtu yeyote aliyelelewa. Akaitikia kwa kichwa kwa umakini mkubwa. Wiki iliyofuata alibandika maelezo ukutani kwamba ziara ya Kiswahili hutumia "mwito wa jadi wa kuburuta mawe." Bado yapo. Nimeshajaribu kuyasahihisha, msihangaike.

Lakini siku ile, pale pale, alisema ziara itaendelea, na itaongozwa na mimi. Wazee wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Mzee Ratilal, akainama, akaongea naye polepole na kwa sauti kubwa, kama vile kilichokatwa kilikuwa masikio. Alisema anafurahi kwamba sasa anaweza kupumzika bila wasiwasi. Alisema kwa bahati mbaya, kwa hali yake, haoni kazi nyingine ya kumpa mle chumbani.

Kwa hiyo nilikuwa nimeiokoa ziara, na Mzee alikuwa anarudishwa nyumbani vilevile. Hongera, Zuhura. Ufanisi mkubwa.

Mzee Ratilal alimtazama. Akakiweka kibao kwenye benchi, akasimama, akavua koti akalikunja, akaipenyeza tai yake kati ya vifungo vya shati ili isimsumbue. Halafu yule kontrakta, ambaye katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kuigusa ile kamba isipokuwa kumwonyesha mtu namna ya kuishika, akaenda mwisho wa mstari, nyuma ya Mama Njoki, akaishika.

"Na wewe mgonjwa?" Mama Njoki akamwuliza.

Akaonyesha koo. Kisha akaonyesha mikono yake miwili, akaigeuza mbele na nyuma: hii haina neno.

Bi Helen alitaka kusema kitu. Nikamtangulia. Nilimwaga maji mbele ya jiwe, nikasimama wima, na sikuwaamkia wote. Nilimwamkia yeye.

"Shikamoo, Mzee Ratilal."

Hakuna aliyeitika. Ile ya Bi Asha iliwaponyoka; hii walilisikia jina lake, na wazee wanajua salamu ya mtu ni ya mtu. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Akavuta peke yake, mishipa ikamtoka shingoni, na jiwe, bila shaka, halikujali. Akavuta tena. Niliona aibu yake inakuja, naijua aibu, naijua inavyopanda kutoka kwenye kola.

Ndipo Bi Mwanaidi, bila kugeuka nyuma, akasema, "Marahaba, mwanangu. Mzee amesema marahaba." Na mstari mzima ukaitika nyuma yake, na jiwe likaondoka, likaumaliza mchanga, likapanda ukingo wa sanduku na kuingia sakafuni, na Mzee alikuwa bado anavuta.

Sauti yake haikurudi. Jumamosi ijayo mtamkuta kwenye kamba, mwisho wa mstari, na tai imepenyezwa kwenye shati. Mwamkieni yeye kabla ya wote, kwa jina, kwa sauti ya kufika ghorofa ya nne. Hatawajibu. Subirini kidogo tu. Watakuwepo wa kumjibia.